Rivolva ya .500 Haikufanyi Moran

Wasee, kuna aina fulani ya video ambayo siku hizi inapita kwenye kila simu ya kijana wa Kajiado. Mwanaume amevaa kofia pana, ameshika bastola ndefu inayong'aa, ananyemelea nyati kichakani. Mlio mmoja, nyati chini, halafu muziki. Ukishuka kwenye komenti unapata ni shangwe tu. "Huyo ndiye mwanaume." "Bunduki ndefu ni ya waoga." Na si Wamarekani peke yao wanaoandika hivyo. Kuna watu wa kwetu kabisa, wa Kitengela, wa Isinya, hata wa hapa Kimana, wanaweka vidole vya kupongeza.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usinisome ukingoja nigeuke. Kuwinda mnyama mkubwa kwa rivolva si ujasiri. Ni ujasiri wa kukodi, unalipiwa na unarudishwa jioni. Na kama kuna mahali duniani ambapo vijana hawana sababu ya kuupigia makofi, ni hapa, chini ya Kilimanjaro, ambapo watu walimkaribia simba kwa mkuki vizazi na vizazi, halafu wakaamua wenyewe kuacha.

Nianze na chuma chenyewe, mtu asije akasema naongelea kitu nisichokijua.

Rivolva ni ile bastola yenye silinda inayozunguka, risasi tano au sita zimekaa kwenye duara. Kwa miaka mingi ilikuwa silaha ya polisi na ya kujilinda. Kilichobadilika ni risasi. Mwaka 1955 Marekani walitoa risasi inayoitwa .44 Magnum. Nyuma yake kulikuwa na mzee mmoja wa jimbo la Idaho, Elmer Keith, mfugaji na mwandishi, aliyejaribu kwa miaka kujaza baruti nyingi zaidi kuliko kawaida. Mwaka 1971 Clint Eastwood akaishika kwenye filamu ya Dirty Harry, na ikawa maarufu dunia nzima. Halafu 2003 kampuni ya Smith & Wesson ikaleta .500, risasi nene kama kidole gumba, rivolva yake ina uzito wa kama kilo 2. Hiyo ndiyo mnayoiona kwenye video nyingi.

Sasa tuhesabu kidogo, haitauma. Nguvu ya risasi hupimwa kwa jouli. Jouli moja ni kama kuinua kitu cha gramu 100 hadi urefu wa mita moja. Bastola ya kawaida ya milimita 9, ile unayoiona kiunoni kwa polisi, hutoa kama jouli 500. Hiyo .44 Magnum ni karibu mara tatu ya hapo. Ile .500 inaweza kufika jouli 3,500 hivi. Kubwa, sikatai. Ukiipiga bila mazoezi inaweza kukurudia usoni.

Lakini bunduki ndefu ya .375 H&H, ambayo Waingereza waliitoa 1912, babu ya babu yako akiwa bado mchungaji, inatoa takriban jouli 5,800. Na .458, ambayo wengi wanaichagua kwa ndovu, iko karibu 6,800. Kwa maneno mengine, hiyo rivolva mnayoiita mnyama, yenye jina kubwa na video nyingi, iko zaidi kidogo tu ya nusu ya bunduki yenye zaidi ya miaka mia moja.

Na nguvu si kila kitu. Ngozi ya nyati ni nene, bega lake lina mfupa mzito. Kwa ndovu ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ubongo wake una uzito wa kama kilo 5 tu, umefichwa ndani kabisa ya fuvu kubwa lililojaa vijumba vya hewa kama sega la nyuki. Ndiyo maana wawindaji wanatumia risasi ngumu isiyopasuka wala kubonyea, ili ipite moja kwa moja. Ukikosa kwa upana wa kiganja, hujamuua, umemkasirisha. Kwa mtu mwenye bastola, njia pekee ya kupunguza kukosa ni kusogea. Asogee sana.

Hapo ndipo watetezi wa mchezo huu wanaposimamia, na nitawapa haki yao. Wanasema hivi: mwenye bunduki ndefu na darubini anampiga mnyama kutoka mbali, mnyama hajui hata kama kuna mtu. Sisi wa rivolva tunaenda karibu, tunamsikia akipumua, tunahatarisha maisha. Mnyama anapata nafasi. Hii ni heshima.

Na si uongo kwamba uwindaji unaweza kuua mwindaji. Unajua bia ya Tusker ilipata wapi jina? Kenya Breweries ilianzishwa 1922, na mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwinda mwaka uliofuata. Wenzake wakaipa bia jina la aliyemuua. Kwa hivyo kila ukiona ile chupa na ule uso wa ndovu, jua ni kumbukumbu ya siku ambayo ndovu alishinda.

Lakini hebu mrudie yule wa kwenye video, na mara hii angalia pembeni ya fremu. Angalia vizuri. Kuna mtu mwingine. Huwa amesimama hatua mbili nyuma ya mteja, kimya, hajavaa cha kupendeza, na mkononi ana bunduki ndefu ya .458 au kubwa zaidi. Huyo ni mwindaji mtaalamu, anayelipwa. Kazi yake ni moja: rivolva ikishindwa, amalize yeye. Kwenye safari za namna hii mtu huyo ni lazima, kwa sababu kila anayeifanya biashara hii anajua kwamba bastola haitoshi.

Sasa niambie, huo ni ujasiri gani? Ni kama kuendesha boda kwa fujo kwenye barabara ya Namanga huku ambulensi ikikufuata nyuma na daktari ameshatoa sindano. Ukianguka utaokotwa. Nyati yeye hana mtu nyuma yake.

Hiyo ni hoja yangu ya kwanza. Ya pili inatuhusu zaidi sisi tunaoishi na hawa wanyama.

Mnyama akijeruhiwa asife, video inakatwa. Mteja anapanda ndege. Yule mnyama anabaki. Ana risasi begani, ana homa, ana hasira, na bado anahitaji maji. Anaenda wapi? Anaenda kwenye maji yale yale ambayo mama anachota, mto ule ule ambao kijana ananyweshea ng'ombe, njia ile ile ya watoto kwenda shule. Kimana hatuhitaji kuelezwa ndovu mwenye hasira ni nini. Watu wamekufa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, na hapa kila mtu anajua jinsi familia zinavyoweza kungoja hiyo pesa miaka. Anayeongeza uwezekano wa mnyama kujeruhiwa, ili tu aonekane mkakamavu kwenye video, anaweka hatari kwa mwili wa mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Hoja ya tatu: ukaribu. Hawa jamaa wanajivunia kumkaribia mnyama kana kwamba ni ushindi wao. Pengine huko kwingine ni kazi. Lakini kwa ndovu wa Amboseli, samahani, hata dereva wa gari la watalii aliyelala vibaya anafika mita 20 kabla ya chai ya saa nne.

Na si kwa sababu hawa ndovu ni wajinga. Tangu 1972, Cynthia Moss alipoanza utafiti wake Amboseli, ndovu hawa wametazamwa, wamepewa majina, wamejulikana familia kwa familia. Sasa ni karibu 2,000. Wamejifunza kwamba gari likisimama hakuna kibaya kinachotokea. Chukua Tim, aliyezaliwa 1969, meno yake yakigusa nyasi. Hakuwa malaika. Alivamia mashamba ya watu hadi akavishwa kola mwaka 2016 ili walinzi wajue yuko wapi usiku. Watu walimkasirikia, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini alikufa Februari 2020, kifo cha kawaida, akiwa na miaka 50. Miaka 50 ya watu kuvumilia. Huo uvumilivu ndio uliomfanya ndovu kama Tim asimame tu akikutazama.

Ukimpiga mnyama wa aina hiyo kwa karibu, hukumshinda. Umetumia vibaya imani ambayo hukuijenga wewe. Imejengwa na mkulima wa nyanya aliyekesha akipiga debe badala ya kurusha mshale.

Na usidhani hii ni hadithi ya mbali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa mchezo Mei 1977, na marufuku hiyo ipo hadi leo. Lakini ndovu hana kitambulisho, hajui Namanga ni mpaka. Akitoka Amboseli akielekea kusini anaingia Enduimet, upande wa Tanzania, ambako uwindaji ni halali. Katikati ya miaka ya 1990 ndovu madume wa Amboseli walipigwa risasi huko, kukawa na kelele, na nchi mbili zikafikia maelewano kwamba eneo hilo la mpakani liachwe. Yakashikilia karibu miaka 30. Halafu kuanzia Septemba 2023 hadi katikati ya 2024, walau madume watano yakauawa, wengine wakiwa na meno makubwa kabisa, wale ambao watafiti waliwajua kwa sura.

Hawakuuawa kwa rivolva. Na hapa kuna kitu kitamu cha kuwaambia mashabiki wa komenti: Tanzania yenyewe, ambayo inauza leseni za uwindaji, hairuhusu bastola. Kwa wanyama hatari inataka bunduki ndefu kuanzia .375. Yaani jirani anayefanya biashara hii kwa sheria kabisa ameangalia rivolva yako akasema hapana, hii itatuachia majeruhi. Anayetaka kujaribu bastola yake inabidi aende mbali, kama Afrika Kusini.

Lakini mantiki ya aliyepiga Enduimet na ya mwenye rivolva ni moja. Wote wanataka mkubwa kuliko wote, na wote wanauita uoga wa mnyama kutokuwa nao "nafasi." Dume la miaka 40 ndilo lenye nafasi kubwa ya kuzaa, na majike humchagua huyo. Ukiua watano wa namna hiyo hujatoa watano kati ya 2,000. Umetoa akina baba.

Sasa nifike kwenye kile ambacho kinaniuma zaidi nikisoma zile komenti. Mtu anaandika "mwanaume kamili" juu ya mtu mwenye rivolva na mlinzi nyuma, na aliyeandika ni kijana ambaye babu yake huenda alishiriki olamayio.

Kwa wale wa mjini: olamayio ni uwindaji wa simba wa morani wa Kimaasai. Mkuki, ngao, basi. Simba akija, anakuja kwako kweli. Hakuna silinda ya risasi tano, na wa nyuma yako ni rika lako aliye na mkuki kama wako. Kuna wazee hapa wana makovu ambayo hawayaonyeshi mtu. Kama kuna watu duniani wanaoweza kusema wanajua maana ya kumkaribia mnyama, ni hao.

Na ni hao hao walioacha. Mwaka 2003 ulianzishwa mfuko Mbirikani wa kufidia mifugo inayoliwa na simba, ili mwenye ng'ombe asilazimike kulipiza. Kisha 2012, hapa hapa Kimana, yakafanyika mashindano ya kwanza ya Maasai Olympics. Wazo lilitokana na wazee wa mila pamoja na shirika la Big Life: kijana athibitishe nguvu zake kwa kurusha mkuki kwa umbali, kurusha rungu kwa shabaha, kukimbia, kuruka juu kama kwenye ngoma, na apate medali badala ya manyoya ya simba. David Rudisha, aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya mita 800 London mwaka huo huo, akawa mlezi wake.

Fikiria uzito wa uamuzi huo. Utamaduni mzima wa kupima uanaume ulibadilishwa, na si kwa sababu vijana waliogopa. Waliona simba wanaisha, wakaona kwamba sifa inaweza kupatikana bila maiti. Halafu leo kuna mtu kutoka mbali anakuja na chuma cha kilo 2 kutufundisha heshima ya mnyama? Manze, hilo somo tulishamaliza.

Najua mtakachonijibu, na ni jibu zito kuliko yote: pesa. Mtasema uwindaji Tanzania unaleta pesa kwa vijiji, na sisi Kenya na marufuku yetu tumepata nini? Swali ni la haki. Watafiti waliohesabu wanyama wa maeneo ya wafugaji Kenya waligundua kwamba kati ya 1977 na 2016 tulipoteza karibu asilimia 68. Miaka ile ile ya marufuku. Hakuna mtalii aliyewapiga risasi. Tuliwapiga kwa nyaya, kwa ploti, kwa ujangili wa nyama na kwa ukame.

Na wewe unayemtukana mwindaji ukiwa kwenye roshani yako Kitengela, angalia chini. Hapo ndipo nyumbu walipopita kutoka mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Kapiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 20,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Theodore Roosevelt alianzia safari yake ya uwindaji pale pale Kapiti mwaka 1909, yeye na mwanawe wakaua wanyama 512 kwa safari nzima, na bado nyumbu walibaki. Walioshindwa kubaki ni pale tulipoweka uzio.

Kwa hivyo sisemi marufuku inatosha. Nasema kinyume. Mwindaji wa pesa nyingi hupata mashabiki mahali ambapo mwenye ardhi hapati kitu kutoka kwa mnyama aliyelala shambani mwake. Mwaka 2000 kulianzishwa mpango Kitengela wa kulipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio wala kuuza. Ilikuwa pesa kidogo na ilitegemea wafadhili, lakini familia zilizoipokea zililipa karo nayo. Hiyo ndiyo vita ya kupigania: ushoroba wa Kimana ulipiwe vizuri na kwa wakati, fidia ya mazao na ya maisha itoke bila kuhangaishana, na Nairobi na Dodoma zirudi mezani kuhusu Enduimet. Serikali isiyotaka pesa ya risasi ni lazima ilete pesa nyingine. Huwezi kukataa zote mbili halafu umwambie mkulima apende ndovu.

Na kama unataka sura za kufuata mtandaoni, zipo karibu. Tangu 2019 kuna Team Lioness, wasichana wa Kimaasai wa Olgulului, wanaolinda wanyama kandokando ya Amboseli. Walianza wakiwa wanane. Wanatembea kwa miguu kilomita nyingi kwa siku, kwenye kichaka kile kile chenye nyati na ndovu. Hawana .500. Hawana hata .44. Wanamsikia mnyama akipumua, wanasoma upepo, wanapita pembeni, wanarudi nyumbani, na mnyama naye anarudi kwake. Video zao hazipati mashabiki nusu ya yule wa kofia pana.

Hilo tunaweza kulibadilisha sisi wenyewe, bila bunge. Ukiona tena ile video, usitukane, kwa sababu matusi yanaisukuma mbele tu. Andika swali moja chini yake kisha uondoke: "Huyo aliyesimama nyuma yako ameshika bunduki gani?"

Niambieni mnaonaje. Wa Loitokitok na wa ng'ambo ya mpaka, nyinyi hasa nataka kuwasikia. Lakini mje na hoja.